Broward walipopima watoto wote, halafu wakaacha

Broward ni kaunti ya Florida yenye jiji la Fort Lauderdale, kaskazini tu mwa Miami, na wilaya yake ya shule ni kati ya zile kubwa kabisa Marekani, watoto zaidi ya laki mbili. Nimeichukua hii kwa sababu ubishi kuhusu programu za watoto wenye vipaji, yaani madarasa maalum ya shuleni kwa watoto wenye akili kali, huwa unaenda hewani tu, huyu anasema vigezo vishushwe ili wa kipato cha chini nao waingie, yule anasema ukishusha vigezo umeshaua programu, na wanaweza kukesha hivyo. Broward walifanya kitu kinachomaliza karibu nusu ya huo ubishi. Vigezo hawakuvigusa kabisa, waligusa mlango wa kuingilia.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Florida wana kanuni ya jimbo zima: mtoto anatambuliwa kuwa na kipaji akipata 130 au zaidi kwenye mtihani wa IQ, yaani wa kupima akili, na huo mtihani anafanyiwa ana kwa ana na mwanasaikolojia, sio vile vya kubofya kwenye simu. Wastani ni 100, kwa hiyo 130 ni kama watoto wawili hivi kati ya mia. Tangu 1991 kuna njia ya pili wanayoiita Mpango B, inaruhusu wilaya kuweka kiwango cha chini kidogo kwa watoto ambao bado wanajifunza Kiingereza na wale wa familia za kipato cha chini, yaani wanaopata chakula cha mchana shuleni bure au kwa bei iliyopunguzwa, na kwa Broward hao walihitaji 116. Kwenye karatasi basi haki ilikuwepo, tena ya wazi.

Sasa cheki matokeo yake. Weusi na Walatino walikuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wa wilaya, ila ukichukua watoto wa darasa la tatu waliotambuliwa kuwa na vipaji, weusi na Walatino kwa pamoja walikuwa asilimia 28 tu. Kwa wazungu ilikuwa kama watoto 6 kwa kila 100, Walatino 2, weusi 1. Na hapo kigezo kimeshalegezwa zaidi ya miaka kumi! Yaani mtu angekuja akakwambia "tulishawapunguzia kiwango, hawafiki, tufanyeje" ungeona kama ana hoja.

Hana. Tatizo lilikuwa hatua moja kabla ya mtihani: mtoto hapimwi IQ mpaka kuna mtu mzima amtaje jina. Mwalimu aseme huyu naona yuko tofauti, au mzazi aende shuleni aombe. Usipotajwa huna alama yoyote, sio 116 wala 130 wala 90, hauko kwenye hesabu, na shule itaandika kwamba hakuna aliyefika.

Fikiria mzazi kwanza. Ili aombe inabidi ajue kwamba programu ipo, ajue inaombwa kwa nani, awe na muda wa kwenda mchana, na awe ni mtu anayejiona ana haki ya kumwambia mwalimu "mwanangu apimwe". Mzazi anayefanya kazi zamu mbili na Kiingereza chake cha kubabaisha hayo yote yanampita, na Broward wapo wengi wa hivyo, familia zinazoongea Kihispania, familia za Kihaiti zinazoongea Krioli nyumbani. Wakati huohuo mzazi mwenye hela alikuwa na njia ya mkato: sheria ilikubali matokeo ya mwanasaikolojia wa kulipia, kwa hiyo hata foleni ya wanasaikolojia wa wilaya hakuihitaji. Na wachumi waliokuja kuchambua hizi alama waliona kitu cha kuchekesha kidogo, alama za IQ zimejirundika palepale kwenye kiwango cha kufaulu, nyingi kuliko inavyotakiwa kitakwimu. Akili za watoto hazijirundiki kwenye 130 zenyewe, kuna mkono wa mtu mzima pale. Simlaumu mzazi, yeyote angefanya hivyo kama anaweza, ninachosema ni kwamba huo mfumo uliokuwa unasemwa ni wa kisayansi ulikuwa na binadamu kila kona.

Halafu mwalimu. Hapa watu wanakimbilia kusema walimu wabaguzi na wengine wanakasirika mjadala unafungwa. Mimi naona jambo ni la kawaida zaidi na kwa hiyo ni gumu zaidi. Mwalimu wa darasa la pili ana watoto wa miaka saba, anachokiona ni yule anayesoma vizuri, anayenyoosha mkono, mwenye daftari safi, anayeongea kama mtu mzima. Hizo ni dalili za nyumba iliyomwandaa mtoto kwa shule kuliko za uwezo wenyewe. Mtoto mwenye akili kali ambaye bado anatafuta maneno ya Kiingereza anaonekana mzito. Mtoto mwenye akili kali aliyechoshwa na somo anasumbua, na msumbufu wa kizungu mara nyingi anaitwa "amechoka kwa sababu ni rahisi kwake", msumbufu mweusi anaitwa msumbufu. Na mwalimu huyo anaamua kwa macho tu, hakuna alichopewa cha kumsaidia.

Mwaka 2005 wilaya ikabadilisha kitu kimoja. Kila mtoto wa darasa la pili, wote, bila kutajwa na mtu, alifanya mtihani mfupi wa mchujo unaoitwa NNAT, wa kama nusu saa, darasani kwake siku ya kawaida ya shule. Hauna maneno ya kusoma, ni maumbo na michoro, unaangalia mpangilio unakamilisha kipande kilichokosekana. Aliyepata 130 kwenye huo mchujo, au 115 kama ni wa lile kundi la Mpango B, alipelekwa moja kwa moja kwenye mtihani kamili wa IQ kwa mwanasaikolojia. Na pale kiwango kilikuwa kilekile cha siku zote, 130 na 116. Hapa ndipo watu wengi wanaposoma haraka wanakosea, wanadhani NNAT ndio ilikuwa inampa mtoto nafasi. Hapana, ilikuwa inampa foleni tu. Na mlango wa zamani haukufungwa, mwalimu na mzazi bado waliweza kutaja mtoto kama kawaida.

Matokeo yalikuja haraka. Walatino wakapanda kutoka 2 mpaka 6 kwa kila 100. Weusi kutoka 1 mpaka 3. Wazungu nao walipanda, kutoka 6 mpaka 8, maana kumbe hata kwao kuna waliokuwa wanaachwa. David Card na Laura Giuliano, wachumi walioifuatilia hii data (Card ndiye huyo aliyepata Nobel ya uchumi 2021, ingawa ilikuwa kwa kazi zake nyingine), walichapisha 2016 na waliweka wazi kwamba watoto wengi waliopatikana kwa mchujo ni wale ambao mfumo wa kutajwa ungewapita: weusi, Walatino, wa chakula cha bure, wanaojifunza Kiingereza. Na wasichana! Hili la wasichana huwa halisemwi, watu wakisikia hii stori wanaikumbuka kama ishu ya rangi na umaskini tu, lakini wasichana nao walikuwa wanatajwa kidogo kuliko uwezo wao.

Na hao wapya hawakuwa wa kubebwa, walipimwa na kipimo kilekile na wanasaikolojia walewale. Walikuwepo muda wote, wamekaa darasani, hakuna aliyewauliza swali.

Kuna mtu atasema sawa, kumbe dawa ni mtihani mmoja kwa wote, tuweke mtihani. Ngoja. New York walifanya hivyo 2008, wakaachana na mambo ya kila eneo kujipangia, wakaweka mtihani mmoja na kiwango kimoja kwa jiji zima kwa ajili ya watoto wa miaka minne, nia ikiwa ni usawa. Ikawa kinyume, maeneo ya kipato cha chini yakapata watoto wachache zaidi, mengine yalikosa hata watoto wa kutosha kufungua darasa moja. Tofauti na Broward iko wapi? New York mzazi ndiye aliyetakiwa kumwandikisha mtoto mtihani. Mtihani ni mmoja kwa wote lakini anayefika mlangoni ni yule aliyeletwa, na biashara ya masomo ya kujiandaa na huo mtihani ikashamiri, mtoto wa miaka minne anafundishwa kujaza mviringo. Kwa hiyo ukiwa kwenye kikao cha wilaya mtu akasema "tayari tuna mtihani wa wazi kwa kila mtu", swali la kumuuliza ni nani anamleta mtoto, na saa ngapi, na asipoletwa inakuwaje.

Rudi Broward, maana kuna nusu nyingine ya kisa ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi na ndiyo isiyojulikana. Mwaka mmoja kabla ya mchujo, 2004, wilaya ilikuwa imeweka kanuni kuhusu madarasa ya nne na ya tano: shule ikiwa na hata mtoto mmoja tu aliyetambuliwa kuwa na kipaji kwenye mwaka huo, lazima ifungue darasa maalum. Lakini huwezi kufungua darasa la watoto watatu, kwa hiyo viti vilivyobaki, mpaka darasa lifike kama 20 hadi 24, vinajazwa na watoto wa shule hiyohiyo waliopata alama za juu zaidi kwenye mtihani wa jimbo wa mwaka uliotangulia, kwa kufuata mpangilio wa alama. Hawahitaji IQ yoyote, ni alama zao za darasa la tatu.

Kwenye shule nyingi za maeneo ya kipato cha chini watambuliwa walikuwa wachache sana, kwa hiyo viti vingi vilienda kwa hawa wa alama. Na hawa ndio waliofaidika. Card na Giuliano walilinganisha walioingia kwa alama chache tu na waliokosa kwa alama chache tu, wakakuta kwamba watoto weusi na Walatino waliojaza vile viti walipanda kwenye hesabu na kusoma kwa kiasi cha kama nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watoto zinavyotawanyika), ambayo kwa shule ya msingi ni kubwa mno, mambo mengi yanayogharimu mamilioni hayafiki hata robo ya hapo, na faida haikuyeyuka, ilionekana bado mpaka darasa la sita. Wazungu waliojaza viti kama hivyo hawakupanda. Na watoto waliobaki kwenye madarasa ya kawaida ya shule ileile hawakushuka, ambayo ndiyo hofu kubwa ya kila mtu ukitaja kutenganisha watoto.

Na wale wa 130 wenyewe, wenye programu yao? Kwenye alama za hesabu na kusoma, hakuna kilichobadilika cha maana. Inaumiza kidogo ukifikiria miaka yote ile ya kugombania 130. Sawa, wao walishakuwa juu na mtihani wa jimbo una dari, hauwezi kuonyesha mengi, na alama sio kila kitu, kuna mtoto ambaye faida yake ni kwamba hachukii shule. Nakubali yote hayo. Lakini ukiwa unapanga programu kwa pesa ya umma huwezi kukwepa kwamba faida iliyopimika ilienda kwa watoto ambao programu haikuandikwa kwa ajili yao.

Kwanini hasa weusi na Walatino? Waliochambua waliangalia kama ni walimu bora zaidi au wanafunzi wenzao na haikutosha kueleza. Walichokiona ni kwamba watoto hawa kufikia darasa la tatu walikuwa na alama za chini kuliko wazungu wenye uwezo sawa na wao, yaani walikuwa wanasoma chini ya uwezo wao, na kuingia kwenye lile darasa kukaziba hilo pengo. Maelezo yanayoendana na hiyo ni matarajio: mwalimu wa darasa lile anadhani kila aliyekaa mbele yake anaweza, na hakuna wenzako wa kukucheka kwa kujitahidi. Mimi naiamini hiyo, ingawa mtu anaweza kuwa na maelezo yake.

Sasa unganisha 2004 na 2005. Mchujo unamkuta mtoto mmoja kwenye shule ambayo miaka yote "haikuwa na wenye vipaji". Huyo mmoja analazimisha darasa kufunguliwa, na darasa likifunguliwa kuna viti kumi na kitu vinapatikana kwa wenzake wa alama za juu wa palepale. Mtoto mmoja kutambuliwa kunafungua nafasi kwa wengi, na kwenye shule ambazo zilihitaji zaidi. Tena ukiangalia vizuri, kile kipengele cha viti ni ile hoja ambayo wataalamu wa eneo hili wanaipigia kelele siku hizi, kwamba mtoto alinganishwe na wenzake wa shule yake badala ya nchi nzima, kwa sababu swali la shule ni nani hapa anahitaji kazi ngumu zaidi ya anayopewa sasa. Broward waliingiza hiyo kupitia mlango wa uani, bila kubishana na mtu kuhusu vigezo.

Mwaka 2010 mchujo ukasimamishwa. Uchumi ulikuwa umeanguka, bajeti za wilaya zinakatwa kila mahali, na hii ikakatwa. Pengo likarudi, kubwa kama lilivyokuwa kabla ya 2005, kana kwamba hakuna kilichowahi kufanyika. 2012 mchujo ulirudishwa lakini kwa sura nyingine, sio ule wa mwanzo.

Ukiuliza gharama ilikuwa wapi, haikuwa kwenye karatasi za NNAT. Ilikuwa kwa wanasaikolojia. Ukichuja watoto wote wa darasa la pili wa wilaya kubwa vile unapata foleni ndefu ya watoto wanaotakiwa kukaa na mtu mmoja mmoja kwa mtihani kamili, na Broward walilazimika kulipa ovataimu, watu wanapima jioni, wikiendi, hadi likizo ya kiangazi. Ovataimu ni mstari unaoonekana sana kwenye bajeti na ni rahisi kuufuta, haufukuzi mtu kazi, haufungi shule, haugusi basi.

Na ukiufuta nani atalalamika? Hapa ndipo naona kiini cha kisa chote. Ukifuta darasa la wenye vipaji lenyewe, wazazi wa walioko ndani watajaa kwenye kikao cha bodi kesho yake. Ukifuta mchujo, anayeumia ni mtoto wa miaka saba ambaye hajui kwamba angepatikana, na mzazi wake hajui, na mwalimu wake hajui. Hakuna barua hata moja itakayoandikwa. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, ila huyu hata kujijua kuwa amenyongwa hajijui. Ndiyo maana kutegemea nia njema ya bodi ya mwaka fulani hakutoshi.

Kwa mtu aliyekabidhiwa kuboresha programu kama hii mimi ningemwambia aanze na kitu cha bure kabisa: atoe orodha ya shule zote za wilaya na idadi ya waliotajwa kwa ajili ya kupimwa mwaka jana, sio waliofaulu, waliotajwa. Zile zenye sifuri au wawili ndio kazi yenyewe. Shule nzima haiwezi kukosa mtoto wa kupimwa, hiyo haipo, ikionekana hivyo ujue unaangalia tabia ya watu wazima. Watu wengi wanaanza na kubadilisha mtaala au kununua programu za kompyuta kwa sababu ndizo zinazopendeza kwenye ripoti, lakini mtaala mzuri kwa watoto walewale wa kila mwaka haubadilishi nani yuko ndani.

Halafu mchujo wa wote, saa za shule, bila fomu ya mzazi ya kuomba (ya kukataa iwepo, asiyetaka akatae). Nisingeng'ang'ania aina ya mtihani. NNAT nayo ina wanaoikosoa, na mtihani wa maumbo sio wa kichawi, kuna watoto wa familia za kipato cha chini inaowakosa na wapo wanaofundishwa ili waufaulu kama mtihani mwingine wowote. Kilichofanya kazi Broward ni neno "wote" zaidi ya maumbo. Kama wilaya haina hela ya mtihani mpya kabisa, alama za mtihani wa jimbo ambao watoto wanaufanya tayari zinaweza kuwa mchujo wa kuanzia, sio mzuri sana kwa wanaojifunza Kiingereza lakini ni bora mara kumi kuliko kusubiri kutajwa, na kwa hao wa lugha uongeze kitu kisicho na maneno.

Foleni ya wanasaikolojia lazima ipangiwe kabla, ajira kamili za kutosha, sio ovataimu. Najua ni gharama zaidi kwenye karatasi. Lakini ajira inafutwa kwa shida kuliko ovataimu, na wilaya ambayo haiwezi kulipia hatua ya pili ni bora ibadilishe hatua ya pili yenyewe, mtoto aingie kwa mchujo na alama za darasani bila IQ, kuliko kuwa na mchujo unaozalisha majina yanayokaa kwenye droo mpaka mtoto afike darasa la tano. Florida kwa kanuni yao hilo lisingewezekana bila jimbo kubadilika, majimbo mengine yana uhuru zaidi.

Na kanuni ya viti iandikwe: ni mtoto mmoja anayefungua darasa, ni nani anajaza, kwa alama zipi, za mwaka gani, bila mkuu wa shule kuchagua. Mkuu akiachiwa achague, wazazi wenye sauti watafika ofisini kwake wiki ya kwanza, na tutarudi kulekule kwa kutajwa.

Bado hata Broward kwenye miaka yake bora wazungu walikuwa 8 na weusi 3 kwa kila 100, kwa hiyo mchujo ulikuta waliofichwa tu. Wale ambao miaka saba ya kwanza ya maisha ilishawabana kabla ya mtihani wowote hauwezi kuwakuta, na nani awatafute hao, na katika umri gani, ni kazi ambayo haiko chini ya ofisi ya vipaji ya wilaya yoyote.